Aliyesaini Siye Aliyeumia

Nangila alikuwa fundi wa nguo mtaani Langas, mjini Eldoret. Kibanda chake cha mabati kilikuwa mbele ya ploti ya nyumba za kupanga alimoishi na mumewe. Ndani kulikuwa na meza ya kukatia, pasi ya makaa na cherehani ya kukanyaga kwa miguu. Saa mbili asubuhi majirani walikuwa tayari wanasikia mlio wa cherehani.

Alishona sare za shule. Kwa siku nzuri alimaliza tano. Mikono yake ilikuwa myepesi, lakini mwenyewe alisema kazi iko miguuni. Miguu ikichoka, cherehani inalala.

Mumewe, Okumu, alikuwa fundi wa kupaka rangi nyumba. Kazi yake ilikuja na kupotea. Majengo yakiwa mengi, alileta nyama Jumamosi. Majengo yakikosekana, cherehani ndiyo iliyomlisha yeye, mkewe na binti yao Ashley, aliyekuwa gredi ya nne.

Mwezi wa tatu mama yake Nangila alipiga simu kutoka Moi's Bridge.

"Nangila, watu wameanza kupanda huku. Mbegu ninayo. Mbolea sina."

"Mfuko mmoja utatosha, mama?"

"Kwa hiyo nusu ekari, utatosha."

"Basi nitautuma wiki hii."

Siku iliyofuata, Jumanne, Nangila alifunga kibanda mapema akaenda mjini kwenye duka la Wesonga. Lilikuwa duka kubwa la mbegu, dawa za mifugo na mbolea. Mzee Wesonga alitoka upande mmoja na Okumu. Ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa chama cha watu wa nyumbani wanaoishi Eldoret. Kukiwa na msiba, ndiye aliyekusanya michango. Okumu alimheshimu sana.

Duka lilijaa wakulima. Mhudumu wa malipo, msichana aitwaye Tabby, alipokea pesa, akampa Nangila risiti. Kisha akaonyesha mlango wa stoo.

"Mama, ingia ndani uchukue mfuko wako. Wapakiaji wameenda kula. Mmoja akirudi atakubebea hadi nje."

Nangila aliingia. Mifuko ya kilo hamsini ilikuwa imepangwa juu ya mbao hadi karibu na paa. Njia ya kupita kati yake ilikuwa nyembamba. Alikuwa bado anatafuta aina aliyolipia aliposikia mbao ikilia, kama mtu anayevunja kuni. Aliinua macho. Rundo zima lilikuwa linamjia.

Aliruka, lakini mguu wa kulia ulibaki nyuma.

*

Mifupa miwili ya mguu ilivunjika chini ya goti. Katika hospitali kubwa madaktari walimfanyia upasuaji. Waliunga mfupa kwa chuma na skrubu. Alilala huko siku kumi na moja, na siku tatu za kwanza hakujua vizuri kama ni asubuhi au jioni, kwa sababu ya dawa za maumivu.

Alipofumbua macho vizuri, Okumu alikuwa kando ya kitanda.

"Nani amelipa haya yote?" aliuliza.

"Mzee Wesonga ametusaidia kidogo. Nyingine nimekopa. Wewe lala, usijisumbue."

Nangila alilala. Moyoni alimshukuru Mzee Wesonga.

Alirudi nyumbani na magongo mawili. Wateja waliokuwa wameacha vitambaa walikuja mmoja mmoja kuvichukua, wavipeleke kwa fundi mwingine. Hakuna aliyekuwa na ubaya. Shule zilikuwa karibu kufunguliwa, na watoto walihitaji sare. "Pole, Mama Ashley," walisema, huku wakikunja vitambaa vyao. Kufikia mwisho wa mwezi wa nne kibanda kilikuwa kitupu. Ashley alizoea kunywa chai bila maziwa.

Mwezi wa sita alirudi kliniki. Daktari alitazama picha ya mfupa, kisha akaitazama tena.

"Mfupa haujashikana," alisema. "Itabidi tufungue tena."

"Na nikipona, nitakanyaga cherehani?"

"Utatembea, mama. Lakini mguu huu utakuwa mfupi kidogo kuliko mwingine. Hiyo siwezi kukuficha."

Nangila alilia kwenye benchi la kliniki mpaka mlinzi akamletea maji.

*

Jumapili hiyo Mzee Wesonga alikuja kuwatembelea, akiwa na sukari, unga na mkate. Okumu alifurahi sana. Alifuta kiti kwa mkono wake. Mzee aliomba maombi marefu ya kumponya mgonjwa. Baada ya amina, Nangila alisema:

"Asante, Mzee. Daktari anataka kunipasua tena. Hatuna kitu. Naomba utusaidie na hii ya pili, kwa sababu niliumia ndani ya duka lako."

Mzee Wesonga aliweka kikombe chini. Alimtazama Okumu, si Nangila.

"Okumu, hukumwambia?"

Okumu aliinamisha kichwa.

"Aniambie nini?" Nangila aliuliza.

"Mama, hayo mambo yalikwisha," Mzee alisema kwa upole. "Nilitoa elfu kumi na tano. Mumeo alisaini kwamba mmelipwa na hamtadai kitu kingine. Karatasi ninayo. Mimi nimekuja hapa kama ndugu tu. Tusirudishane nyuma."

Alikunywa chai yake yote. Aliaga, akamwachia Ashley shilingi hamsini za peremende.

Mlango ulipofungwa, Nangila alimgeukia mumewe. Kisha akauliza, "Ulisaini lini?"

"Siku ya tatu. Ulikuwa umelala. Hospitali ilitaka pesa ya vyuma. Mzee akaja na pesa mkononi na karatasi. Ningefanya nini?"

"Uliisoma?"

Okumu alianza kukusanya vikombe.

"Okumu, nakuuliza. Uliisoma?"

"Ilikuwa ya Kiingereza. Mzee alinieleza."

"Aliyeniangushia mbolea ndiye alikueleza?"

"Mama Ashley, yule ni mtu wa kwetu..."

"Mguu ni wangu!" Nangila alipiga kelele hadi ploti nzima ikasikia. "Ulikuwa wako? Ni wewe ulivunjika? Uliuza mguu wangu nikiwa nimelala!"

Okumu alichukua kofia yake akatoka nje. Wiki hiyo yote hawakuongea isipokuwa juu ya mtoto.

*

Katika ploti ileile aliishi Chelimo, mama wa watoto wawili kutoka upande wa Moiben. Watu walimwita Mama Kevin. Kwa miaka kadhaa alikuwa msaidizi wa kisheria. Hakuwa wakili. Alikuwa amefunzwa kuwaeleza watu haki zao na kuwaonyesha mahali pa kwenda. Alisikia kelele za Jumapili kama kila mtu. Alingoja siku mbili, kisha akabisha hodi akiwa na kikombe cha mursik, maziwa ya kwao yaliyolala kwenye kibuyu.

"Mama Ashley, sikuja kuingilia mambo ya nyumba," alisema. "Nimekuja kuuliza kuhusu mguu. Umedai fidia?"

"Nidai nini, Mama Kevin? Mume wangu alisaini."

"Wewe ulisaini?"

"Mimi nilikuwa sijui hata siku."

"Ulimtuma akusainie? Ulimwambia hata kwa mdomo?"

"Hata kidogo."

Chelimo aliketi. "Basi nisikilize polepole. Wewe ni mtu mzima. Aliyeumia ni wewe, kwa hivyo dai ni lako. Mume hawezi kuliuza kwa sababu tu ni mume. Karatasi ile ina saini ya Okumu. Haina yako."

Nangila alimtazama kana kwamba hakusikia vizuri. "Kwa hivyo haina kazi?"

"Wataionyesha, usidhani wataitupa. Lakini tutauliza, alisaini kama nani? Zile pesa alizotoa Mzee Wesonga zitahesabiwa, maana zililipa hospitali. Lakini haziwezi kufunga mdomo wako."

"Na duka? Si ni bahati mbaya tu? Hakuna aliyenisukuma."

"Iko sheria ya Kenya inayomhusu mtu anayemiliki au kusimamia mahali," Chelimo alisema. "Akiwakaribisha watu, ni lazima achukue hatua za kutosha ili wawe salama kwa kile walichokuja kufanya. Iwe ni duka, hoteli, kinyozi au posho mill ya kusaga mahindi. Si lazima akusukume. Akiacha sakafu ikiwa na mafuta, au ngazi ikiwa imeoza, au mifuko ikiwa imepangwa vibaya, na alipaswa kujua kuna hatari, anaweza kuwajibika."

"Ukutani kuna kibao. Nilikiona siku ile. Kinasema mteja ajichunge mwenyewe."

"Kibao peke yake mara nyingi hakitoshi. Kilikuambia mifuko itaanguka? Kilikuonyesha pa kusimama usiumie?"

"Hapana."

"Haya. Lakini nisikudanganye. Haitoshi kusema uliumia ndani ya duka. Lazima uonyeshe kwamba duka halikuwa makini. Na kama ulijiumiza kwa uzembe wako mwenyewe, fidia inapunguzwa. Nani alikuambia uingie stoo?"

"Yule msichana wa malipo, Tabby."

"Risiti ya mbolea uko nayo?"

Nangila alifikiri. Risiti ilikuwa kwenye mfuko wa sweta aliyovaa siku ile. Sweta ilikuwa kwenye ndoo chini ya kitanda. Hakuwa ametaka kuigusa tangu hapo. Chelimo alivuta ndoo, akaitoa sweta yenye damu iliyokauka. Risiti ilikuwa imekunjamana, lakini tarehe ilisomeka.

"Weka hii mahali pamoja na karatasi zote za hospitali," Chelimo alisema. "Hata risiti ya panadol ya shilingi mia moja. Ungepiga picha ya stoo siku ile ingekuwa vizuri zaidi."

"Siku ile nilikuwa chini ya mifuko, Mama Kevin."

"Najua. Pole. Huwa nasema hivyo kwa sababu mtu wa familia anaweza kwenda kupiga picha kabla mambo hayajabadilishwa."

Hapo Nangila alikumbuka alichosimuliwa na Okumu mwenyewe, kwamba alikuwa mjini siku ile yote. Alifika dukani kabla ya kufika hospitalini. Alikuwa na simu. Lakini yeye alisaidia kufagia mbolea iliyomwagika, kwa kumheshimu Mzee.

*

Kesho yake Chelimo na Nangila walikwenda mjini kwa bodaboda mbili. Walitaka kuiona stoo. Ilikuwa imepangwa upya. Mifuko ilifika kiunoni tu, juu ya mbao mpya nyeupe, na njia ilikuwa pana hata mkokoteni ungepita. Nangila alisimama pale na magongo yake. Miezi mitatu alijiambia kwamba ni bahati mbaya. Kumbe kazi yenyewe ilikuwa ya mbao chache na siku moja.

Tabby aliwaona. Alitazama huku na huku, akaandika namba yake ya simu kwenye kipande cha karatasi, akampa Chelimo kama mtu anayerudisha chenji.

Walimpigia, na jioni alikuja Langas. Aliketi kwenye ukingo wa kiti na hakutaka chai.

"Mama, mimi ndiye nilikuambia uingie," alisema. "Kila siku nafikiria hilo."

"Hukujua, mwanangu."

"Nilijua." Tabby alitoa simu. "Wiki mbili kabla ya wewe kuumia nilimtumia Mzee picha. Ona."

Kwenye picha mifuko ilikuwa imeinama upande mmoja. Mbao ya chini ilikuwa imeoza na kupasuka. Chini ya picha Tabby alikuwa ameandika: "Mzee hii mbao imevunjika, mifuko inaweza kuangukia mtu." Wesonga alikuwa amejibu: "Acha kwanza. Tutatengeneza msimu ukiisha."

Nangila alisoma maneno yale mara tatu. Hakulia. Kitu kilikauka ndani yake.

"Ukisema haya kortini, utafukuzwa kazi," Chelimo alimwambia Tabby. "Sitakuficha."

"Najua," Tabby alisema. "Lakini nisiposema, nitakuwa namwona huyu mama kila nikifunga macho."

*

Chelimo aliwaeleza hatua zote. Kwanza walipata ripoti ya daktari, iliyosema mguu umevunjika wapi, umefupika kiasi gani, na matibabu gani yamebaki. Kisha ofisi ya msaada wa kisheria ya serikali iliwasaidia kuandika barua ya madai. Barua ilimweleza Wesonga kilichotokea, kosa lake, na anachodaiwa, na ikampa siku za kujibu.

"Mtu ana miaka mitatu tangu siku ya kuumia kwenda kortini kwa jambo kama hili," Chelimo alisema. "Lakini usingoje. Mashahidi huhama. Simu hupotea. Na ukipita muda huo, hata ukiwa na haki, mlango unaweza kufungwa."

Wesonga hakujibu kwa barua. Alijibu kwa njia nyingine. Jumamosi Okumu aliitwa kwenye kikao cha chama cha watu wa nyumbani. Alirudi akiwa amekunja uso.

"Wamesema nini?" Nangila aliuliza.

"Wamesema mke wangu anampeleka mzee wetu kortini. Wamesema nikuzuie, ama tukipata msiba tusiwaite."

"Na wewe ulisema nini?"

Okumu alivua viatu, kimoja, kisha cha pili.

"Niliwauliza ni nani kati yao alikuja hospitali," alisema. "Hakuna aliyeinua mkono. Basi nikatoka."

Nangila alimtazama. Tangu Jumapili ile, hayo yalikuwa maneno ya kwanza aliyoyapenda kutoka kwake.

"Utakuja kortini kueleza juu ya saini?" alimuuliza.

"Nitaonekana mjinga mbele ya watu."

"Ndiyo. Utakuja?"

"Nitakuja."

*

Siku za barua zilipoisha bila jibu, walifungua kesi katika Mahakama ya Madai Madogo, ambayo husikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni moja. Mtu anaweza kujisimamia mwenyewe, na sheria inataka kesi iamuliwe ndani ya siku sitini. Nangila alikuwa na hofu ya Kiingereza. Chelimo alimwambia aombe kuzungumza Kiswahili, na karani alikubali bila shida.

Wesonga alikuja na wakili. Hakumsalimu Okumu.

Mwamuzi alikuwa mama wa makamo mwenye miwani. Alimwacha kila mtu aeleze. Nangila alieleza kuhusu nusu ekari ya mama yake, mfuko mmoja, na mlio wa mbao. Wakili wa Wesonga alisimama na ile karatasi.

"Dai hili lilikwisha. Mume wake alisaini kwa niaba yake."

Mwamuzi alimwita Okumu mbele.

"Bwana Okumu, mkeo alikutuma usaini?"

"Hapana."

"Alijua?"

"Alikuwa amelala kwa dawa."

"Uliisoma karatasi hii?"

Okumu aliitazama karatasi. Chumba kizima kilikuwa kinamtazama, na Wesonga pia.

"Sikuisoma. Nilimwamini."

Alirudi kuketi. Jasho lilikuwa limelowesha shati lake mgongoni.

Kisha Tabby aliitwa. Alionyesha picha na ujumbe. Mwamuzi aliusoma kwa sauti: "Tutatengeneza msimu ukiisha." Halafu akamgeukia Wesonga.

"Mzee, huu ujumbe ni wako?"

"Ni wangu. Lakini dukani kuna kibao. Kila mteja ameonywa."

"Kibao chako kilimwambia mteja kwamba mbao ya chini imeoza?"

Wesonga alimtazama wakili wake. Wakili alikuwa anatazama karatasi zake.

Uamuzi ulisomwa wiki chache baadaye. Mwamuzi alisema duka lilijua hatari, likawaacha wateja waingie kwa sababu msimu ulikuwa mzuri. Nangila aliingia stoo kwa kuambiwa na mfanyakazi, kwa hivyo hakuwa na kosa. Saini ya Okumu haikumfunga mkewe. Wesonga aliamriwa kulipa laki tano na nusu, pamoja na gharama za matibabu zenye risiti, kisha elfu kumi na tano zipunguzwe.

Nje ya korti Mzee Wesonga alipita karibu nao. Alisimama mbele ya Okumu.

"Umenitia aibu," alisema.

Okumu alimpisha apite. Nangila ndiye aliyejibu.

"Mzee, ungenunua mbao."

*

Wesonga alilipa kwa awamu mbili. Awamu ya kwanza ililipia upasuaji wa pili. Safari hii mfupa ulishikana. Awamu ya pili ilimaliza madeni na kumnunulia Nangila cherehani ya umeme, ambayo anaikanyaga kidogo kwa mguu wa kushoto. Mbolea ya mama yake haikufika msimu ule wote, na shamba la Moi's Bridge lilizaa magugu. Mwaka uliofuata walipanda kwa wakati.

Tabby alifukuzwa kazi wiki moja baada ya kutoa ushahidi. Chelimo alimpeleka kwenye ofisi ya kazi ya serikali kulalamika. Hilo bado linaendelea. Kwa sasa anauza nguo za mitumba, na akimwona Nangila humsalimu vizuri, lakini hakai sana.

Nangila anatembea na gongo moja. Baridi ya Julai ikiingia, mguu unamuuma kuanzia chini mpaka kwenye nyonga. Sare tano kwa siku hazipati tena. Anapata tatu. Okumu akiletewa karatasi yoyote, hata ya mkutano wa shule, humletea yeye kwanza na kusimama akingoja. Nangila huisoma mpaka mwisho, bila haraka. Hajamwambia kwamba amemsamehe. Okumu naye ameacha kuuliza.

Asubuhi moja jirani aitwaye Mideva alikuja kupunguza sketi. Aliitazama cherehani mpya, akatikisa kichwa kwa kusifu.

"Mama Ashley, wewe una bahati bwana. Uliangukiwa na pesa."

Nangila alisimamisha mashine. Alivuta gauni lake hadi gotini. Kovu lilikuwa refu kama mkasi, na mguu ulikuwa umekonda.

"Niliangukiwa na mbolea," alisema. "Pesa niliipigania."

Mideva alitazama chini kwa aibu. Alikunja na kukunjua sketi yake mikononi.

"Kaka yangu," alisema mwishowe, "aliungua kwenye hoteli moja huko Plateau. Mtungi wa gesi ulikuwa unavuja. Mwenye hoteli anasema atampa elfu mbili, na kuna karatasi anataka isainiwe kesho."

Nangila aliweka mkasi chini. Alisogeza kiti kwa gongo lake.

"Keti," alisema. "Kaka yako asisaini kitu. Sasa niambie, aliungua tarehe ngapi, na nani alikuwepo?"